Mradi wa maji wa vijiji vingi: namna ya kuupanga na kuutafutia fedha, kuanzia chanzo hadi bei ya ndoo

Kisima cha kijiji kimoja kikiharibika, kijiji kimoja kinarudi korongoni. Skimu inayohudumia vijiji saba ikizima pampu, kata mbili au tatu zinakosa maji jioni hiyo hiyo, pamoja na zahanati, shule za bweni na wodi ya wazazi. Uzito huo ndio unaoutofautisha mradi wa kikanda na kisima cha mkono, na ndio unaodai upangwe kwa namna yake.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mwenyekiti wa kijiji, diwani, mhandisi kijana wa wilaya, na mzaliwa wa kijiji anayeishi mjini au nje ya nchi ambaye kila mara anaombwa achangie maji ya kwao. Sheria na taasisi nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Hesabu zinafaa popote.

Jambo moja linaongoza kila hatua hapa. Gharama ya kuendesha mradi kwa mwezi ipigiwe hesabu kabla mtu yeyote hajachora njia ya bomba. Miradi mingi ya vijijini huanza kwa swali la fedha za kujenga, na swali la nani atanunua umeme mwezi wa nne baada ya uzinduzi linaachwa hadi mwezi wa nne ufike. Ukiligeuza, hesabu ya mwezi yenyewe itakuchagulia chanzo, aina ya nishati, hata ukubwa wa mradi.

Anzia kwa wenye mamlaka

Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini si tena kazi ya idara ya maji ya halmashauri. Yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoanza kazi Julai 2019 na yenye mameneja wa mikoa na wilaya. Mijini ziko mamlaka za maji, zinazodhibitiwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Chanzo chenyewe, yaani mto, ziwa au maji ya chini ya ardhi, kina msimamizi mwingine kabisa: bodi ya maji ya bonde. Mabonde ni 9: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria.

Uendeshaji wa kila siku wa skimu ya vijijini unakuwa mikononi mwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi wanakiita CBWSO. Chombo hicho kiundwe mapema, wakati wa usanifu. Wajumbe waliokaa vikao vya kuchagua njia ya bomba wanajua kila vali iko wapi na kwa nini kijiji fulani kilipewa vilula (vituo vya kuchotea maji) vitatu badala ya vitano. Waliokabidhiwa ofisi siku ya uzinduzi wanapewa funguo na madeni tu.

Kila kijiji kipitishe azimio katika mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na kupigwa muhuri. Azimio lenye nguvu linataja mambo matatu: kijiji kinakubali kushirikiana chanzo na vijiji vingine, kinakubali kulipia maji kwa ujazo, na kinakubali kutoa ardhi ya tenki na mkuza wa bomba, yaani ukanda ambamo bomba litapita. Kijiji chenye chanzo ndani ya mipaka yake kinahitaji mazungumzo ya ziada, kwa sababu wakazi wake watahisi maji yao yanapelekwa kwa wengine. Wahakikishie kwa maandishi kwamba watakuwa wa kwanza kupata huduma, kisha mtimize. Bomba linalopita mbele ya nyumba ya mtu asiye na maji hukatwa, na kusema kweli ni vigumu kumlaumu.

Hesabu watu, kisha hesabu wanavyochota

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo ambacho kimetumika kwa miaka mingi kwenye mipango ya vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Mfumo husanifiwa kwa miaka 20 mbele.

Tufanye mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Vijiji saba vina watu 21,000. Sensa ya 2022 ilionyesha idadi ya watu nchini inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, ila vijiji vingi vinapoteza vijana wanaohamia mijini, kwa hiyo tuchukue asilimia 3. Baada ya miaka 20 watakuwa karibu 37,900. Usidhani wote watabaki kwenye vilula, maana kila mwenye nyumba ya bati atataka bomba uani. Tukiweka asilimia 30 wenye bomba la nyumbani wakitumia lita 60 kila mmoja, na asilimia 70 vilulani kwa lita 25, tunapata takribani mita za ujazo 1,345 kwa siku. Ongeza asilimia 10 ya shule, zahanati, misikiti, makanisa na soko, inakuwa 1,480. Mabomba yatavuja na mita zitadanganya. Ukikubali upotevu wa asilimia 20, unahitaji kuzalisha 1,850. Siku za joto kali watu huchota zaidi, basi zidisha kwa 1.2, unafika mita za ujazo 2,220 kwa siku.

Hiyo ndiyo namba ya mwaka wa 20. Namba ya mwaka wa kwanza ni tofauti kabisa, na ndiyo itakayolipa mishahara. Mwaka wa kwanza watu watanunua labda lita 15 kila mmoja, kwa sababu visima vya zamani bado vipo na mvua inanyesha bure. Hiyo ni mita za ujazo 315 kwa siku. Tofauti kati ya 315 na 2,220 ndiyo inayoumiza miradi mikubwa: umejenga kwa ajili ya wajukuu, lakini wanaolipa ni wazazi wao, tena ni wachache.

Dawa ni kujenga kwa awamu. Bomba kuu lililozikwa ardhini halibadilishwi kirahisi, basi lipe ukubwa wa miaka 20. Pampu zinachakaa baada ya miaka kumi au chini ya hapo, basi zinunuliwe kwa mahitaji ya miaka kumi. Matenki yaachiwe nafasi ya pacha wake kwenye kiwanja hicho hicho. Visima vichimbwe viwili au vitatu sasa, vingine baadaye.

Pima chanzo kiangazi

Kijito kilichopimwa mwezi wa nne kitakuahidi maji yasiyokuwepo. Pima mwishoni mwa kiangazi, ambapo kwa sehemu kubwa ya nchi ni Septemba hadi Novemba, na ukiweza rudia mwaka wa pili. Zungumza na wazee na wafugaji, wao ndio wanaokumbuka mwaka ambao mto ulikatika. Kisha toa kiasi kinachopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira na kwa wanaochota chini yako, ikiwemo mifereji ya umwagiliaji. Kinachobaki ndicho chako, na bodi ya bonde ndiyo itakayosema rasmi ni kiasi gani, kupitia kibali cha kutumia maji. Omba kibali mapema, kwa sababu wafadhili wengi hawasomi andiko lisilo nacho.

Kwa visima virefu, anza na upimaji wa kijiofizikia, pata kibali cha kuchimba, na baada ya kuchimba sisitiza majaribio ya kusukuma maji yanayodumu angalau saa 24, yakifuatwa na kupima namna kina kinavyorudi. Mchimbaji anayejaribu kwa saa mbili na kukuandikia namba nzuri hajakusaidia. Visima vilivyo karibu vijaribiwe kwa pamoja pia, kwa sababu vinaweza kuwa vinavuta mwamba mmoja na kunyang'anyana maji.

Ubora wa maji unaweza kuua mradi hata pale yanapokuwa mengi. Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa yana floridi nyingi ardhini kwa asili ya miamba yake, na Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto na mifupa iliyopinda inaonekana wazi huko. Njia ya mkaa wa mifupa inafanya kazi vizuri kwa kaya na shule, lakini kuondoa floridi kwa maelfu ya mita za ujazo kila siku ni gharama isiyoisha. Ushauri wangu: ukipata kisima chenye floridi nyingi, tafuta chanzo kingine hata kama kiko kilomita 20 zaidi, kwa kuwa bomba linalipiwa mara moja na mtambo wa kuchuja unalipiwa kila siku. Pima pia chumvi, chuma, manganizi na naitreti. Bakteria tutawashughulikia kwa klorini, ila aseniki, floridi na chumvi haziogopi klorini.

Mserereko au pampu

Kama chanzo kiko juu ya vijiji, kama ilivyo miteremko ya Kilimanjaro, Usambara, Uluguru na nyanda za juu kusini, mradi wa mserereko, ambao maji yanashuka yenyewe bila pampu, unashinda kila kitu. Hakuna bili ya nishati. Gharama yake iko kwenye urefu wa bomba na kwenye kulinda msitu wa chanzo. Cha kuangalia ni msukumo: kila mita 100 za kushuka zinaleta takribani bari 10, na bomba la daraja la bari 10 lililojengwa kwenye mteremko wa mita 150 litapasuka usiku, wakati watu wamefunga mabomba na maji yamesimama. Weka matenki ya kupunguza msukumo njiani. Sehemu za mabonde makali zipewe bomba la daraja la juu au la chuma, vilele vipewe vali za kutoa hewa, mabonde yapewe vali za kusafishia tope.

Kama chanzo kiko chini, utapandisha maji, na hapo ndipo hesabu ya mwezi inapokaa mezani.

Matenki kwa ujumla yabebe theluthi moja hadi nusu ya mahitaji ya siku. Yagawe, kila kijiji kiwe na la kwake, ili bomba kuu likipasuka upande mmoja vijiji vingine viwe na akiba ya kumalizia siku.

Hesabu ya mwezi

Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kwa mita 100 kunatumia karibu nusu yuniti ya umeme, ukihesabu na udhaifu wa kawaida wa pampu na mota. Mfano wetu una urefu wa jumla wa mita 120 pamoja na msuguano wa bomba, basi ni yuniti 0.6 kwa kila mita ya ujazo. Mwaka wa kwanza tunauza mita za ujazo 315 kwa siku, yaani 9,450 kwa mwezi. Tukichukulia robo ya maji yanayozalishwa yanapotea, tunasukuma 12,600. Hiyo ni yuniti 7,560 za umeme.

Bei ninazotumia hapa ni za mfano, weka za kwenu. Umeme kwa shilingi 350 kwa yuniti ni 2,646,000 kwa mwezi. Jenereta inatoa karibu yuniti 3 kwa lita ya dizeli. Lita 2,520 kwa shilingi 3,000 ni 7,560,000. Soma namba hizo mbili tena. Maji ni yale yale na watu ni wale wale, lakini bili imezidi mara karibu tatu.

Sasa upande wa mapato. Ndoo ya lita 20 ikiuzwa shilingi 20, mita moja ya ujazo ni shilingi 1,000, na mauzo ya mwezi ni 9,450,000. Matumizi mengine: wafanyakazi watano, yaani fundi, mhasibu na wasoma mita na walinzi, 1,750,000, wauza maji vilulani kwa asilimia 20 ya mauzo, 1,890,000, klorini 300,000, matengenezo ya kawaida 1,000,000, akiba ya kununua pampu mpya siku ikifika, 1,000,000. Jumla ni 5,940,000 kabla ya nishati.

Kwa umeme wa gridi jumla kuu inafika 8,586,000, na mradi unabakiwa na 864,000. Kwa dizeli inafika 13,500,000, pungufu ya zaidi ya milioni 4 kila mwezi. Ili dizeli ijilipe, ndoo ingebidi iuzwe zaidi ya shilingi 30, na kwa bei hiyo mama mwenye watoto sita anarudi mtoni. Mauzo yanashuka, bei inapandishwa tena, na mradi unakufa huku mashine zake zikiwa nzima.

Hata kwenye gridi, angalia masika. Mauzo yakishuka nusu, mapato ni 4,725,000. Umeme, klorini na sehemu ya wauza maji vinashuka nusu navyo, lakini mishahara, matengenezo na akiba havishuki. Matumizi yanabaki 6,168,000, pengo la 1,443,000 kwa mwezi mmoja. Miezi mitatu ya masika inaweza kula faida ya miezi mitano ya kiangazi. Kwa hiyo bei ya ndoo isipangwe kwa mwezi wa wastani. Ipangwe kwa mwaka mzima, na chombo kiwe na akaunti ya pili ambayo haiguswi kiangazi.

Na sola? Hapa wengi wanakosea kwa pande zote mbili. Jua linasukuma maji kwa takribani saa sita kamili kwa siku. Visima vyetu vimepangiwa kutoa mita za ujazo 123 kwa saa, ili vikisukuma saa 18 vifike 2,220. Kwa jua peke yake ni saa sita mara 123, karibu 740 kwa siku. Kama msanifu ataapa kwamba sola itabeba mahitaji ya mwaka wa 20, muulize visima vya mita za ujazo 370 kwa saa atavipata wapi. Lakini mwaka wa kwanza tunahitaji 420 tu kwa siku. Sola inatosha, na itatosha kwa miaka kadhaa. Mpango mzuri wa skimu ya aina hii ni sola tangu siku ya kwanza, na nafasi ya kuunganisha gridi mahitaji yakikaribia 740. Fedha ya umeme ambayo hamlipi isigeuzwe posho za vikao: wekeni sehemu yake kila mwezi kwa ajili ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu, ambayo itakufa kabla ya paneli, na kwa walinzi, kwa sababu paneli zinaibwa.

Fanya hesabu hii mara tatu: kwa mauzo ya lita 10, 15 na 20 kwa mtu. Kama mradi haujilipi kwa lita 15, badilisha usanifu sasa, kwenye karatasi.

Ardhi, mazingira na vibali

Pita njia yote ya bomba kwa miguu ukiwa na viongozi wa vitongoji. Andika kila shamba, kila mti wa matunda, kila kaburi. Fidia ya mazao ni ndogo ukilinganisha na gharama ya mkandarasi aliyesimama wiki tatu kwa sababu ya mgogoro wa mipaka. Matenki, nyumba za pampu na chanzo vipimwe na vipate hati au mihtasari ya kijiji inayotambulika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za vyanzo, na eneo hilo liwekewe alama mapema kabla mtu hajalima bustani ya nyanya pembeni ya kidakio, yaani mahali maji yanapochukuliwa kwenye chanzo. Tathmini ya athari kwa mazingira inapitia NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira. Bomba likivuka barabara au reli, omba ruhusa ya mwenye barabara kabla ya kuchimba.

Fedha za ujenzi

Hakuna skimu ya vijiji saba inayojengwa kwa mchango wa harusi. Tofautisha fedha ambazo hazirudi na fedha ambazo zinarudi na riba, na kila moja ipewe sehemu ya mradi inayoiweza.

Fedha isiyorudi ndiyo ya kuzika ardhini: kidakio, bomba kuu, matenki. Sehemu kubwa inatoka bajeti ya serikali kupitia Wizara ya Maji na RUWASA, na kwenye Mfuko wa Taifa wa Maji, unaolishwa hasa na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Ili mradi uingie kwenye bajeti, lazima uwe na jina na makisio kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, maana yake maandalizi yafanyike mwaka uliotangulia. Diwani anayeleta ombi mwezi wa tano anaombea mwaka unaofuata huo. Upembuzi yakinifu na usanifu wenyewe unahitaji fedha, na mara nyingi hapo ndipo mchango wa halmashauri, mbunge au wazaliwa wa kijiji unapozaa matunda makubwa kuliko popote. Usanifu uliokamilika unavuta fedha, kwa kuwa wizara na wafadhili wakibakiwa na fedha mwishoni mwa mwaka hutafuta mradi ulio tayari.

Benki ya Dunia ilipoanza kufadhili mpango wa maji vijijini mwaka 2018 kwa dola milioni 350 katika mikoa 17, ilifanya hivyo kwa utaratibu wa kulipa kwa matokeo: fedha inatoka baada ya vituo vinavyotoa maji kuhakikiwa. Utaratibu huo umebadilisha tabia ya watendaji, na mimi naupenda, kwa sababu kitu kinachohesabiwa ni maji yanayotoka, siyo urefu wa mtaro. Kwa kamati ya kijiji maana yake ni moja: tunzeni kumbukumbu za mita, kwa sababu ndizo ushahidi.

Miradi mikubwa zaidi hubebwa na mkopo wa taifa. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 yalijengwa kwa fedha za serikali yenyewe, na baadaye yakapelekwa Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa dola milioni 268.35 kutoka India. Ni mfano wa kusoma kwa makini, kwa ukubwa wake na zaidi kwa muundo wake. Mtambo wa Ihelele, wilayani Misungwi, ulijengwa wa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Chombo kimoja, KASHWASA, kinazalisha na kusafirisha maji, kisha kinayauza kwa jumla kwa mamlaka za miji na skimu za vijiji zilizo njiani, nazo zinauza rejareja. Kama vijiji vyenu viko karibu na bomba kuu la namna hiyo, anza na swali la kujiunga nalo kabla ya kuchimba kisima chochote. Bei ya jumla itaingia kwenye hesabu yenu ya mwezi mahali pa nishati, na mtaepuka mzigo wa kutibu maji. Ila wekeni mkataba wa maandishi wenye mita mbili kwenye maungio, ya muuzaji na ya kwenu, kwa kuwa mita moja ikikwama bila ya pili kila mwezi utakuwa ugomvi.

Fedha inayorudi iende kwenye vitu vinavyoleta mapato haraka: mita, maunganisho ya majumbani, kubadilisha dizeli kwa sola, kuziba uvujaji. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji la Tanga, ilionyesha njia Februari 2024 ilipotoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa ajili ya kazi zinazolinda mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, na wawekezaji wakanunua kuzidi kiwango hicho. Msikimbilie kusema nasi tutoe hatifungani. Tanga ina maelfu ya wateja wenye mita, hesabu zilizokaguliwa kwa miaka mingi, na mapato yanayozidi matumizi. Chombo cha vijiji saba kinachofunga mwezi na ziada ya laki nane hakina uwezo wa kubeba riba ya asilimia 13.5 kwa bilioni. Kinaweza kubeba mkopo mdogo wa mita, ambao unajilipa kwa kupunguza upotevu kutoka asilimia 25 hadi 15.

Mchango wa wananchi una nafasi, ila uwe wa fedha inayowekwa benki kabla ya ujenzi kama akiba ya uendeshaji ya miezi mitatu ya mwanzo. Kuchimba mtaro kwa nguvu za wananchi kunapunguza gharama, na kunafaa pale tu fundi anapopima kina cha kila kipande, maana bomba la plastiki lililofukiwa nusu mita litakatwa na jembe la ng'ombe msimu wa kwanza.

Wazaliwa walioko Dar, Muscat au Minneapolis wakitaka kusaidia, wapeni kipande chenye mpaka: usanifu, paneli za kisima kimoja, tenki la shule, mita za kupimia maji 200. Fedha ipite kwenye akaunti ya chombo kwa hati, na risiti ziwafikie.

Andiko la mradi liwe na kurasa chache za maneno na viambatisho vingi: mihtasari ya vijiji, kibali cha bonde, majibu ya maabara, ripoti ya majaribio ya visima, ramani, makisio ya vifaa kwa idadi, na ile hesabu ya mwezi. Hii ya mwisho haimo katika maandiko mengi, na ndiyo itakayolifanya lenu lisomwe.

Zabuni na kusimamia ujenzi

Ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni kwa mtandao. Kazi ndogo zinaweza kufanywa na wataalamu wa ndani wakinunua vifaa moja kwa moja, lakini bomba kuu la kilomita nyingi linahitaji mkandarasi. Linunue bomba kwa kipimo cha viwanda na lipimwe likifika, kabla halijapangwa barabarani. Kila kipande kilichofukiwa kijaribiwe kwa msukumo wa maji, matokeo yakisainiwa na mhandisi na mjumbe wa chombo. Hati za malipo zilipwe kwa wakati, kwani mkandarasi anayecheleweshewa malipo anaondoa mitambo, na wakati mwingine mkataba unadai riba. Kwa hiyo usisaini mkataba ambao fedha yake bado ni ahadi ya mdomo.

Kamati ya kijiji isisimame pembeni. Wafundishwe kutambua mambo matatu: kina cha mtaro, mchanga chini na juu ya bomba, na alama ya daraja la msukumo iliyopigwa kwenye bomba lenyewe.

Makabidhiano na mwaka wa kwanza

Usipokee mradi kwa hotuba. Pokea kwa orodha: ramani ya bomba kama lilivyojengwa kweli, namba za pampu, vipuri vya mwaka mmoja, funguo, na kipindi cha matazamio kilichoandikwa, ambacho mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro. Fundi wa chombo awe amefanya kazi na mkandarasi angalau miezi mitatu ya mwisho.

Bei ya maji isomwe hadharani kwenye kila kijiji na kuandikwa ukutani kwenye kila kilula. Malipo yapite kwa namba ya kumbukumbu kwenye simu au kwa mita za malipo ya kabla, fedha taslimu zikae mikononi kwa muda mfupi iwezekanavyo. Kaya zisizoweza kabisa kulipa, wazee wasio na watoto na wagonjwa, zitambuliwe na mkutano wa kitongoji na kiasi chao kiandikwe kwenye vitabu kama msamaha, ili kisionekane kama wizi.

Klorini iliyobaki kwenye kilula cha mwisho kabisa ipimwe kila wiki, iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Mita ya chanzo na mita za vilula zisomwe siku moja, kila mwezi. Tofauti yao ikizidi asilimia 25 miezi miwili mfululizo, fundi apande pikipiki na kutembelea kila chemba, akianza usiku, wakati sauti ya maji yanayovuja inasikika. Baada ya miezi kumi na miwili, rudisheni hesabu halisi mezani pembeni ya ile ya makisio, mbele ya mkutano mkuu, kisha pangeni bei ya mwaka wa pili kwa namba hizo.